Haba na Haba, Kisha Nini? Kumfundisha Mtoto Namna Dunia Ilivyoumbika

Mwalimu anayetaka kuwaeleza watoto namna sayari kama Dunia zinavyoumbika ana methali iliyo tayari mdomoni: haba na haba hujaza kibaba. Vumbi lilishikamana na vumbi likawa kokoto, kokoto zikakusanyika zikawa mawe, mawe yakawa majabali, na majabali yakawa sayari. Maelezo hayo huingia kichwani upesi, na mtoto huweza kuyarudia siku ya pili bila kukosea. Kasoro yake ni kwamba yana ukweli mwanzoni na mwishoni, ilhali katikati yameruka shimo ambalo wataalamu wa sayari wamekuwa wakilizunguka kwa karibu nusu karne. Ninavyoona mimi, shimo hilo si jambo la kuwaficha watoto hadi wafike chuo kikuu. Ndilo sehemu ya somo inayostahili kupewa muda mrefu kuliko nyingine zote.

Kilichonifikisha hapo ni udongo wa mfinyanzi. Watoto wa miaka minane na tisa walikuwa wakifinyanga vidonge, na kazi yao ilikuwa kuonyesha jinsi vitu vidogo vinavyoungana kuwa kitu kikubwa. Udongo mbichi ulifanya kama ulivyotarajiwa: kidonge kiligusa kingine, kikanata, kikabonyea kidogo, na baada ya dakika chache kila mtoto alikuwa na donge la ukubwa wa ngumi. Kisha msichana mmoja akachukua vidonge viwili vya siku iliyotangulia, vilivyokwisha kukauka, akavigonganisha kwa nguvu. Kimoja kilipasuka vipande vitatu na kingine kikamong'onyoka pembeni. Alivitazama vipande vilivyobaki kiganjani, akasema, "Mwalimu, lakini mawe ya angani hayana maji. Si yangepasuka tu?" Sikuwa na jibu la sentensi moja, na ninashukuru kwamba sikujaribu kulitunga papo hapo.

Swali lake ndilo lililowakwamisha hata watafiti. Jua lilipokuwa changa, yapata miaka bilioni 4.57 iliyopita, lilizungukwa na sahani pana ya gesi na vumbi, na chembe nyingi za vumbi hilo zilikuwa nyembamba kuliko unywele. Chembe ndogo kiasi hicho zikigusana polepole hunatana, kwa kuwa nguvu za umeme zilizomo katika nyuso zake zinatosha kuzishika. Mwaka 2003 mwanaanga wa Marekani Don Pettit, akiwa katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, alitia punje za chumvi na za sukari katika mifuko ya plastiki na kuitikisa, na katika hali ile ya kukosa uzito punje zikajikusanya kuwa vidonge ndani ya sekunde chache. Hadi hapo methali inasimama imara. Kitu kinapofikia ukubwa wa kokoto, na zaidi kinapokaribia mita moja, mambo hugeuka. Nguvu za kunata ni dhaifu mno kushikilia mawe mawili, na mvutano baina yake ni mdogo mno kuweza kusaidia, kwa hiyo yakigongana kwa mwendo wa mita kadhaa kwa sekunde hudunda au huvunjika, kama vidonge vya yule msichana. Tena gesi iliyo katika sahani huzunguka Jua polepole kidogo kuliko mawe, hivyo jiwe huwa linakwenda daima dhidi ya upepo unaolipunguzia mwendo, nalo husogea ndani kidogo kidogo kuelekea kwenye Jua. Kwa jiwe la mita moja lililo umbali kama wa Dunia, safari hiyo ya kwenda kuungua huchukua karne moja au chache tu. Mawe yangevunjika au yangemezwa kabla hayajakua.

Njia ya kulivuka shimo hilo ambayo wataalamu wengi wanaiegemea leo, ingawa mjadala wake haujafungwa, ilielezwa kwa hesabu mwaka 2005 na Andrew Youdin na Jeremy Goodman. Kokoto zinazosafiri ndani ya gesi hazibaki zimetawanyika sawasawa. Pale zinapokuwa nyingi kidogo kuliko kwingine, huiburuta gesi iliyo karibu iende kwa mwendo wao, upepo unaozipinga ukapungua, na kokoto nyingine zinazosogea kutoka nje zikazifikia na kukwama papo hapo. Kundi hunenepa, na kadiri linavyonenepa ndivyo linavyonasa zaidi, hadi mvutano wa kokoto zote kwa pamoja unapoliporomosha lote kwa ndani. Kinachozaliwa ni gimba lenye upana wa makumi au hata mamia ya kilomita, ambalo halikupitia kamwe hatua ya kuwa jabali la mita moja. Watoto hulielewa jambo hili vizuri wakipangwa kwenye uwanja siku ya upepo mkali: aliye mbele huinama na kusukumwa, walio nyuma yake husimama wima, na bila kuambiwa kila mmoja hujisogeza alipo mwenzake. Kwa hiyo jibu la msichana yule ni kwamba ndiyo, yangepasuka, na kwa sababu hiyo kibaba cha sayari, baada ya haba zile za mwanzo, kilijazwa kwa mkupuo.

Ushahidi wake unaweza kuwekwa mbele ya macho ya mtoto. Tarehe 1 Januari 2019 chombo cha anga kiitwacho New Horizons kilipita karibu na gimba liitwalo Arrokoth, lenye urefu wa takriban kilomita 35, mbali kupita sayari ya Neptuni. Picha zake zinaonyesha vipande viwili vilivyogusana na kuungana kwenye shingo nyembamba, bila nyufa wala dalili ya kupondeka mahali vilipokutana, jambo linaloonyesha kwamba vilikaribiana kwa mwendo mdogo, kama wa mtu anayetembea. Mambo yangekuwa hivyo endapo vipande vyote viwili vilizaliwa katika kundi moja la kokoto lililoporomoka. Picha hiyo ningeitundika ukutani kabla ya ile tuliyoizoea sote, ya sayari nane zilizopangwa mstari mmoja kama wanafunzi asubuhi. Picha ya mstari humfundisha mtoto majina na mpangilio, lakini humficha kwamba sayari ni masalio: zote nane zikijumlishwa pamoja, uzito wake haufikii sehemu mbili za elfu moja za uzito wa Jua.

Kuna jambo moja ambalo nadhani walimu wanaofundisha kwa Kiswahili hatujalitumia ipasavyo, nalo ni vitenzi vyetu. Tunaposema kwamba Dunia ilitengenezwa kutokana na vumbi, kitenzi hicho kinadai mtengenezaji, na mtoto ana haki ya kuuliza ni nani. Swali hilo lina mahali pake, na familia nyingi zina jibu lake. Somo la sayansi, hata hivyo, linauliza jambo jingine, yaani mambo yalikwendaje hatua kwa hatua. Lugha imetupa vitenzi vya kuieleza hali hiyo bila kumsukuma mtoto upande wowote: kuumbika, kukusanyika, kuporomoka, kuyeyuka, kuganda, kushikamana. Kila kimoja kinaeleza kitu kinachotokea kwa vile hali ilivyo. Hata neno mvutano limebeba fizikia ndani yake. Watoto wengi, na watu wazima pia, huamini kwamba Dunia huvuta na jiwe huvutwa, basi. Lakini mvutano umetokana na kuvutana, na wanaovutana ni wawili. Jiwe nalo linaivuta Dunia. Mtoto akilishika hilo, haoni tena ajabu kwamba kundi la kokoto zisizo na mkubwa wala kitovu linaweza kujikusanya lenyewe, kwa kuwa kila kokoto inavuta na kuvutwa na nyingine zote.

Lugha hiyohiyo, hata hivyo, ina mtego wake. Dunia kwetu ni sayari hii, na pia ni ulimwengu kwa jumla, na mara nyingine ni maisha yenyewe. Mtoto anayesikia habari za mwanzo wa dunia na kusikia pia habari za Mlipuko Mkuu, yaani mwanzo wa ulimwengu wote, huyaunganisha yote mawili, akaondoka akiamini kwamba palitokea mlipuko na vipande vyake vikawa sayari. Kati ya mambo hayo mawili kuna zaidi ya miaka bilioni 9. Ulimwengu una umri wa takriban miaka bilioni 13.8, na mwanzoni ulikuwa na haidrojeni na heli, pamoja na kiasi kidogo mno cha vitu vingine. Kaboni, oksijeni, silikoni na chuma vilipikwa baadaye ndani ya nyota zilizoishi na kufa, zikatapanya majivu yake angani. Bila nyota hizo kusingekuwa na vumbi, na bila vumbi kusingekuwa na jambo la kushikamana. Kabla ya kuanza somo, basi, mwalimu na awaulize watoto wachore wanachoamini, kwa sababu vichwa vyao haviko vitupu. Mwaka 1992 Stella Vosniadou na William Brewer walichapisha utafiti kuhusu watoto wa shule za msingi nchini Marekani, wakaonyesha kwamba wapo waliokubali kuwa Dunia ni ya mviringo huku wakiamini kwamba watu wanaishi juu ya sehemu bapa iliyo ndani ya tufe, au kwamba kuna Dunia mbili, moja bapa tunayoisimamia na nyingine ya mviringo iliyoko angani. Walikuwa wamelipokea neno la mwalimu na kulipachika juu ya waliyokuwa nayo.

Kwa sababu hiyohiyo nina shaka na jaribio moja linalopendwa sana madarasani. Beseni hujazwa maji, mchanga mwembamba hutiwa, maji hukorogwa kwa kijiti kwa mduara, na yanapotulia mchanga unaonekana umejikusanya katikati ya beseni kwa kilima kidogo kizuri. Watoto hushangilia, na mwalimu husema kwamba hivyo ndivyo sayari zilivyokusanyika. Mchanga ule umesukumwa katikati na mkondo wa maji unaopita chini ya beseni, ambako maji yanasugua sakafu na kupoteza mwendo. Mvutano hauhusiki hata kidogo. Lililo baya zaidi ni kwamba mtoto huondoka akiamini kuwa kuzunguka huvuta vitu ndani, wakati katika wingu lililozaa Jua mambo yalikuwa kinyume. Mvutano ulikuwa unavuta kila kitu ndani, na mzunguko ndio uliozuia sehemu ya gesi na vumbi isitumbukie. Kuelekea juu na chini hapakuwa na kizuizi hicho, kwa hiyo wingu lilibonyea likawa bapa kama sahani. Ukitaka jaribio la kweli, mkalishe mtoto kwenye kiti kinachozunguka, mikono yake ikiwa imenyooshwa, kisha mwambie aikunje kifuani. Ataongeza kasi ghafla, na atalihisi tumboni. Wingu lililokuwa likizunguka polepole mno lilipojikunja, nalo liliongeza kasi kwa kanuni hiyohiyo, na kanuni hiyo ndiyo iliyoacha sahani ya kuumbia sayari.

Muda ni mgumu zaidi kuliko mvutano. Bilioni kwa mtoto ni neno la kumaanisha nyingi sana, na sifuri tisa ubaoni hazibadilishi lolote. Kinachosaidia ni kuhesabu kwa sauti. Watoto wahesabu moja, mbili, tatu, kila sekunde namba moja na kila namba mwaka mmoja, kwa dakika tano kamili, kisha wakokotoe wenyewe ingewachukua muda gani kufika bilioni 4.57 wakihesabu usiku na mchana. Jibu ni takriban miaka 145, ambayo hakuna mtu anayeiishi. Katika kipimo hicho, gesi yote ya ile sahani ilitoweka ndani ya miezi michache ya mwanzo, maana sahani za aina hiyo hudumu miaka milioni kadhaa tu, na ndiyo sababu sayari kubwa za gesi kama Mshtarii zililazimika kuwahi. Dunia ilichukua kati ya miaka milioni 30 na 100 kukamilika, yaani kati ya mwaka mmoja na mitatu ya kuhesabu. Mirihi huenda ilifikia sehemu kubwa ya ukubwa wake katika miaka milioni chache, kisha ikaachwa ilivyo. Mtoto aliyeumiza koo kwa dakika tano huisikia tofauti ya milioni na bilioni kwa namna ambayo hakuna ubao unaoweza kumpa.

Kisha atauliza, na asipouliza aulizwe: tumejuaje? Hapa ndipo masomo mengi hukata kauli mapema, yakitaja wanasayansi kana kwamba neno hilo peke yake ni ushahidi. Mashahidi wenyewe wapo na wanaweza kuonyeshwa. Tarehe 8 Februari 1969 kimondo kilianguka kaskazini mwa Meksiko karibu na kijiji cha Allende, kikatawanya vipande vingi. Kipande chake kikikatwa na kusuguliwa hadi king'ae, huonekana kimejaa vitone vya mviringo vya kijivu, vingi vikiwa na upana wa milimita moja hivi, vilivyopachikwa ndani ya unga mweusi, na kati yake kuna madoa meupe yasiyo na umbo maalumu. Vile vitone vilikuwa matone ya mwamba ulioyeyuka, yakielea angani, yakaganda kabla hayajagusana. Madoa meupe ni ya kale zaidi, na madini yaliyomo ndani ya vimondo vya aina hii yamepimwa na kukutwa na umri wa miaka bilioni 4.567, kipimo tunachokitumia kama siku ya kuzaliwa kwa mfumo wa Jua. Mwanasayansi wa Marekani Clair Patterson alikuwa ametangulia mwaka 1956, akitumia metali ya risasi iliyomo katika vimondo kukadiria umri wa Dunia kuwa miaka bilioni 4.55. Mtoto akishika lenzi na kuitazama hata picha tu ya kipande hicho, anaona vumbi lililokosa kuwa sayari, likabaki jinsi lilivyokuwa.

Shahidi wa pili yuko mbali. Mwaka 2014 antena za ALMA, zilizoko katika jangwa la Atacama nchini Chile, zilipiga picha ya nyota changa iitwayo HL Tauri, iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru 450, yaani nuru yake husafiri miaka 450 hivi kutufikia, na ikaonekana imezungukwa na sahani yenye pete angavu na mifereji ya giza baina yake. Wengi wanaichukua mifereji hiyo kuwa njia zinazofagiliwa na sayari zinazokua. Mwaka 2018 ilitolewa picha ya sayari yenyewe, ndani ya uwazi wa sahani ya nyota iitwayo PDS 70. Kwa mtoto, jambo la thamani hapa ni kugundua kwamba kuumbika kwa sayari si habari za kale peke yake. Kunatokea sasa, kwingine.

Yanayofuata baada ya magimba ya kwanza ni rahisi zaidi kuyaeleza, kwa hiyo nisiyarefushe. Mvutano ukishashika hatamu, gimba kubwa hula madogo, viinitete vya sayari vyenye ukubwa kati ya Mwezi na Mirihi vinajitokeza, navyo hugongana wenyewe kwa wenyewe. Karibu na Jua kulikuwa na joto lisiloruhusu maji kuganda, hivyo magimba ya huku yalijengwa zaidi kwa mwamba na chuma, na hiyo ndiyo sababu Zebaki, Zuhura, Dunia na Mirihi ni sayari za mwamba. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba kiinitete chenye ukubwa wa Mirihi, kilichopewa jina la Theia, kiliigonga Dunia na mabaki ya ajali hiyo yakawa Mwezi. Kilo 382 za miamba zilizoletwa na safari za Apollo kati ya 1969 na 1972 zinaonyesha undugu wa karibu mno kati ya Mwezi na Dunia. Mtoto ataona hapa kwamba kugongana, kulikokuwa adui wa mawe ya mita moja, kumegeuka kuwa mjenzi, kwa sababu gimba likishakuwa kubwa vya kutosha mvutano wake huvirudisha vipande vingi vilivyorushwa. Joto la migongano, pamoja na lile la vitu vyenye mnururisho vilivyokuwa ndani ya mwamba, liliiyeyusha Dunia, na chuma kizito kikazama chini hadi kiini, kinachoanzia kina cha kilomita 2,900 hivi, ambako hakuna chombo kilichowahi kufika.

Hapo mwalimu anaweza kuwaachia watoto jambo la kusubiri. Kati ya Mirihi na Mshtarii kuna asteroidi, yaani gimba dogo linalozunguka Jua, iitwayo Psyche, yenye upana wa zaidi ya kilomita 200 na chuma kingi, ambayo baadhi ya wataalamu wameidhania kuwa kiini cha gimba lililopasuliwa ganda lake, huku wengine wakiona ni mchanganyiko wa chuma na mwamba ambao haukuwahi kuyeyuka na kujitenga. Chombo kilichorushwa Oktoba 2023 kinatarajiwa kuifikia mwaka 2029. Kila mtoto na achore leo anavyodhani itakavyoonekana kwa karibu, aandike kwa sentensi mbili sababu za dhana yake, atie tarehe, na karatasi zifungiwe katika bahasha moja isiyofunguliwa hadi picha zitakapofika.